Kete Nyeupe za Mama Mkwe

Wasomaji wangu mlionitukana wiki iliyopita, salamu zenu nimezipata. Yule aliyeandika kwamba bibi mzima kucheza sataranji kwenye simu ni kukosa haya, namjibu hivi: haya nilikuwa nayo, ikang'oka pamoja na meno ya mbele.

Kwa aliyechelewa kuingia, asisukume wenzake, nitamsogezea kiti. Mimi ni mjane. Shule niliishia ya msingi, na miaka thelathini nilipiga pasi mashuka ya hoteli. Nalala chumba cha nyuma katika nyumba ya mwanangu, chumba kile kile alichofia mume wangu. Hapo ndipo marehemu aliponifundisha sataranji, akiwa amelala chali na ubao juu ya tumbo. Alimfundisha kila aliyekaa mbele yake, hata fundi bomba aliyekuja kuziba bomba.

Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi nilivyosahau pasi juu ya koti la mwanangu nikimkimbiza mfalme wa mtu kwenye simu. Koti likatoboka, meza nayo ikatoboka. Mwanangu akaniapisha kwa kaburi la baba yake, shahidi akiwa mkwe wangu Karani, baba wa mkewe: nikigusa tena mchezo ule, nafunga mizigo nahamia kwa dada yangu mkubwa.

Dada yangu hulala na funguo za jikoni shingoni. Tangu tukiwa wasichana hatujamaliza siku mbili chini ya paa moja bila kurushiana kiatu. Kwenda kwake si kuhama, ni kuzikwa bila sanda.

Nikaapa. Nikakaa siku nne. Ya tano nikacheza.

Sasa nisemeje? Mlevi husema pombe ilimwita. Mimi haikuniita, niliifuata mwenyewe.

Kwenye mchezo ule sijiiti Bibi. Najiita Komando, umri miaka ishirini na mbili. Nacheza kama nilivyopiga pasi: naanza pembeni. Wenzangu hukimbilia katikati ya ubao kama mbuzi walioona jani bichi. Mimi nasukuma askari wa ukingoni, mmoja kushoto, mmoja kulia, mpaka mtu anadhani nimekalia simu kwa bahati mbaya.

Halafu naanza kubadilishana. Ndovu kwa ndovu, ngome kwa ngome, malkia kwa malkia. Vijana wa siku hizi wakishapoteza malkia wanakuwa yatima, hawajui tena pa kula. Ubao ukibaki na wafalme wawili na vijiaskari vinavyohesabika, hapo ndipo navaa miwani. Nachukua askari wangu mmoja, namtembeza polepole, hatua moja, hatua moja, mpaka anafika ng'ambo na kuvikwa taji.

Na sikubali kushindwa. Hata nikibaki na mfalme peke yake, uchi kama alivyozaliwa, namzungusha ubaoni mpaka adui achoke na kukosea.

Ubaya wangu? Naongea na simu kwa sauti. Nikikaribia kufungwa nasema naumwa. Na farasi simwezi. Kete zote zina adabu, zinapita njia iliyonyooka. Farasi anaruka ukuta kama mwizi. Nikipigwa mara kumi, mara tisa ni farasi.

Adui yangu mkubwa alijiita Ngome ya Chuma. Mwoga mwenye mdomo! Mechi haijachangamka, tayari kashamficha mfalme wake kwenye kona, kamjengea ukuta wa askari watatu, kakaa kusubiri mwenzake akosee. Akizidiwa anaandika, "Naomba dakika," kisha anapotea, unabaki umeshika simu kama mshika taa. Na matusi yake hayakuwa ya kitoto.

"Komando gani wewe? Unacheza kama maiti aliyesahauliwa kuzikwa."

"Na maiti huyo ndiye aliyekula malkia wako," nikamjibu.

Tulikuwa tunakutana saa tano asubuhi. Saa hiyo mwanangu yuko kazini kwake, anatunza stoo ya kiwanda cha rangi, na mkamwana wangu yuko kwenye duka la dawa anakouza. Nyumba ni yangu mimi na nguo zilizolowekwa.

Sasa mkamwana huyu. Macho yake yanasoma mwandiko wa madaktari. Yatashindwa na simu ya mama mkwe?

Alhamisi alirudi ghafla kuchukua miwani aliyoisahau. Mimi nilikuwa uani nasuuza. Simu nilikuwa nimeiacha kwenye meza ya pasi, inachaji, uso juu.

Hakuniambia neno. Alinitabasamia tu. Alhamisi akanitabasamia, Ijumaa akanitabasamia. Wanawake wenzangu, mkamwana akikutabasamia siku mbili mfululizo, anza kutafuta sanduku lako.

Jumamosi saa kumi jioni nikaitwa sebuleni. Watoto walikuwa wamepelekwa kwa jirani. Mwanangu amekaa kwenye kochi, anatazama vidole vya miguu yake. Pembeni yake amekaa Karani, baba yake mkamwana, kalamu mkononi. Mzee huyu aliandika hukumu za mahakimu miaka thelathini. Tangu astaafu anatafuta pa kuzisomea zake.

"Mama, kaa hapa katikati," mkamwana akasema.

"Katikati kuna joto. Nitakaa pembeni."

"Mkwe wangu," Karani akakohoa, "tumekutana kwa jambo zito."

"Nimeona. Leo umevaa soksi."

Hakucheka. Mkamwana akainua mkono, na mkononi mwake nikaiona simu yangu.

"Mama, nina swali moja tu. Kete ni nini?"

Mnajua wenyewe, wasomaji. Kete ni ile tunayosukuma ubaoni. Na kete ni ile nyingine, unga uliokunjwa kwenye kikaratasi na kuuzwa vichochoroni. Neno moja, milango miwili: mmoja unatokea uwanjani, mwingine unatokea jela.

"Kete ni kete," nikasema.

"Sawa. Baba, andika." Akaanza kusoma, kidole kikipanda na kushuka kwenye kioo. "'Jana umenimalizia kete nyeupe zote. Leo naleta nyeusi.' Mama, nyeusi ni nini? Mimi nauza dawa mwaka wa tisa huu, nyeusi sijaisikia!"

Kidole chake kikapanda tena kwenye kioo.

"'Saa tano, mwenye nyumba akishatoka.' Mwenye nyumba ndiye mimi! 'Nimebakiwa na kete tatu tu, lakini zinatosha kuua.'"

"Kuua!" Karani akaandika, akapiga mstari chini yake. Kalamu ikatoboa karatasi.

"Mke wangu, inatosha," mwanangu akasema kwa sauti ya chini.

"Haitoshi! Kuna watoto humu ndani, baba watoto! Bibi yao anauza unga kwenye meza ya pasi, wewe unasema inatosha?"

"Nasema usiendelee kusoma."

Moyo wangu ukalainika kidogo. Nikasema kumbe damu ni damu, mtoto bado ananionea huruma.

"Mkwe," Karani akanigeukia, "una la kujitetea?"

Nilikuwa nalo, na halikunifaa. Ubaoni kuna pigo moja la farasi ambapo anasimama mahali pamoja na kushika kete zako mbili kwa mpigo. Ukiokoa hii, inaliwa ile. Ndivyo nilivyoshikwa. Nikisema ni sataranji, nimekiri kwamba nimevunja kiapo cha kaburi, nahamia kwa dada. Nikinyamaza, mimi ni muuza unga, nahamia kwa dada pia, tena na jina jipya. Kushoto dada, kulia dada, na funguo zake shingoni.

"Hana la kusema," mkamwana akadakia. "Na haya hamjayasikia. Haya ni ya mwezi uliopita. Mteja wake anaandika: 'Nyumbani kuna mzigo nimechoka nao. Nikiutoa ghafla watu watanisema.'"

"Mzigo," Karani akasema, akitikisa kichwa kama aliyezaliwa kituo cha polisi. "Hivyo ndivyo wanavyouita."

"Sikiliza jibu la Mama sasa. 'Usiutoe kwa nguvu. Uapishe kwanza neno ambalo hauwezi kulitimiza, kisha kaa usubiri. Utajitoa wenyewe.'"

Karani akasimamisha kalamu. "Mzigo unaapishwaje?"

"Mafumbo, Baba! Lugha yao hiyo!"

Hapa, wasomaji, ndipo penye ungamo langu la wiki hii. Yale ya koti yalikuwa maji ya kunawa tu.

Mimi nilijua mzigo ule ni nini. Ulikuwa mtu. Siku moja katikati ya mechi, Ngome ya Chuma aliniambia ana kikongwe nyumbani kwake, kinakula nafasi na hakisemeki. Akauliza ningefanyaje. Nami, kwa kuwa ni Komando wa miaka ishirini na mbili, nilimpa shauri kama ninavyocheza: usimkimbilie, mpe kamba ajifunge.

Nilicheka siku ile. Nilicheka hadi nikapaliwa. Kikongwe cha mwenzio hakiumi.

"Baba watoto, mbona unatoka jasho?" mkamwana akauliza.

"Joto," mwanangu akasema.

"Naomba dakika," Karani akasema, akainuka. "Nikanywe maji."

Naomba dakika.

Nilihisi kama mtu amenifinya. Nikamtazama anavyokwenda jikoni, shingo imelowa, kalamu ameisahau sikioni. Naomba dakika! Ndiyo yale yale ya Ngome ya Chuma akizidiwa! Nikaanza kukusanya. Mstaafu, saa tano asubuhi hana kazi. Mdomo anao. Woga anao, kila kikao anakaa kwenye kiti chenye ukuta nyuma yake. Na kikongwe? Nyumbani kwake anaishi shangazi yake, mzee kuliko mimi, na mkamwana mwenyewe nimemsikia mara ngapi akisema, "Shangazi amekuwa mzigo kwa Baba."

Basi ni yeye! Shahidi wa kiapo changu! Aliyenihubiria saa nzima kwamba michezo ya simu ni upumbavu wa wazee wasio na kazi, kumbe anatoka hapa anakwenda kunitukana maiti!

Marehemu alikuwa akiniambia, ukishikwa kete mbili kwa mpigo usihangaike kukimbiza hii wala ile. Mtishie mfalme wake kwanza. Atakimbia yeye.

Karani akarudi na bilauri. Akaketi, akafuta mdomo, akaweka sauti ya mahakamani.

"Tusiingize polisi kwenye nyumba yenye jina. Uamuzi wangu ni huu. Mama atahamia kwa dada yake leo, kabla ya giza. Chumba kitasafishwa. Nani ana neno?"

Mwanangu akatazama mlango. Alikuwa anatikisa goti.

Nikacheka. Nikacheka kile kicheko changu cha pengo, kinachomkera mkamwana kuliko kitu chochote.

"Mama, unacheka nini?"

"Mmenishika," nikasema. "Nakiri. Ninaye mteja. Lakini mnaniondoa mimi peke yangu? Mteja naye je? Kesho si atakuja kugonga mlango wenu?"

Mkamwana akafumba jicho moja. Nikajua ameuma ndoana.

"Ni nani huyo?"

"Jina lake silijui. Ila yuko karibu kuliko mnavyofikiri." Nikamgeukia Karani, nikamwangalia mpaka ndani ya mboni. "Au nasema uongo, mkwe?"

"Unaniuliza mimi?" Karani akashangaa. Nikasema moyoni, shangaa tu, mchezaji wewe.

"Mwandikieni," nikasema. "Simu mnayo. Mwandikieni sasa hivi, halafu nyamazeni wote, msikilize."

"Hakuna haja," mwanangu akasema, akisimama. "Tutalishughulikia kesho. Mama, nenda kapange nguo zako."

"Kesho atakuwa ameshatoroka!" mkamwana akasema. "Hapana, baba watoto. Leo! Mimi nitamnasa kwa lugha yake mwenyewe." Akakaa kwenye mkono wa kochi, akaanza kubonyeza, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. "Nitajifanya Mama. Baba, hii imekaaje? 'Ule mzigo ulishautoa?'"

"Imekaa vizuri," Karani akasema. "Ina ushahidi."

"Mke wangu, lete hiyo simu."

"Subiri."

"Nimesema lete!"

"Na mimi nimesema subiri! Nimeshatuma."

Mchezo wetu una mlio wake, haufanani na mlio mwingine wowote. Ujumbe ukiingia, unasikika kama kete ya mti inagongwa ubaoni mara mbili. Nikakunja mikono kifuani. Nikakaza macho kwenye mfuko wa koti la Karani, nimeshaandaa na la kumwambia. Nilikuwa nimeshalionja ulimini.

Ko-ko.

Mfuko wa Karani ulikuwa kimya. Karani mwenyewe alikuwa anatazama dari, anatafuta sauti imetoka wapi.

Ilitoka juu ya kochi. Ilitoka kwenye mfuko wa shati la mwanangu. Mkono wake ulikuwa umeshafika pale kuufunika, ukachelewa kama mkono wa mtu anayeziba kikohozi kilichokwisha kutoka.

Nje, kwa jirani, wajukuu zangu walikuwa wanagombania mpira.

Mkamwana akatazama simu yangu, akatazama mfuko. Akabonyeza tena, taratibu, herufi moja tu.

Ko-ko.

"Lete," akamwambia mumewe.

"Si hivyo unavyofikiri."

"Lete, baba watoto."

Aliitoa mwenyewe mfukoni. Mkamwana akaisoma, midomo ikitembea bila sauti. Akarudi juu, akashuka, akarudi juu tena. Nikaona kidole kimesimama. Kisha akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anavyosoma kipimo cha dawa kwa mgonjwa asiyesikia vizuri:

"'Ule mzigo ulishautoa?'"

Nilitafuta mzaha, mimi ambaye mzaha haujawahi kunikauka mdomoni, hata siku ya mazishi ya mume wangu. Sikuupata.

"Haya," Karani akasema, akafungua ukurasa mpya. Alikuwa bado hajaelewa, maskini. "Bwana, swali unalo. Jibu, naandika."

"Mimi nimelala kitanda kimoja na mnunuzi wa unga!" Mkamwana akamgeukia mumewe. "Mwaka wa kumi na moja! Na mama yako ndiye anayekuuzia! Niambie mbele ya baba yangu. Huo mzigo mnaoandikiana habari zake uko wapi? Umeuficha wapi ndani ya nyumba hii? Mzigo gani?"

Mwanangu akainua macho. Hakumtazama mkewe, wala hakumtazama Karani na kalamu yake.

Alinitazama mimi, juu mpaka chini, kama mtu anayepima mlango kabla ya kutoa kabati.